Kosa la Arobaini

Jumatatu, 3 Machi

Nimekasirika. Nimetoka kazini saa kumi na moja, nimekaa kucheza gemu ya mdogo wangu, na kabla chai haijapoa nimeshakasirika.

Miaka sita! Miaka sita amejifungia na kompyuta zake. Kazi nzuri aliiacha, harusi za watu haendi, ukimwuliza anafanya nini — "natengeneza kitu, dada." Haya, kitu chenyewe ndicho hiki. Hoteli imeungua, mpelelezi ametumwa kuchunguza, na mpelelezi ni mimi ninayecheza. Mwanamke mrefu, koti linamfika miguuni. Lakini hodi hapigi! Anaingia vyumbani mwa watu kama upepo, anafungua makabati, na wenye vyumba wamekaa tu wanamkodolea macho. Amelelewa na nani huyu? Nimeandika: kosa la 1, mpelelezi hana adabu.

Kazi niliyoombwa ni kusoma maneno tu. "Dada, wewe ndiye Jicho. Nisomee yote wanayosema, unisahihishie. Tarehe kumi na tano naionyesha kwa watu mara ya kwanza." Jicho ni jina la kazini. Miaka kumi na minne nasoma kila kinachochapwa pale kiwandani, vitabu vya shule, kadi za harusi, karatasi za maelezo ya dawa, na msimamizi mwenyewe husema kosa likimpita Jicho basi si kosa. Kwa hiyo mdogo wangu amenichapia maneno yote ya gemu kwenye karatasi, kurasa mia mbili na ushee, maana anajua sisahihishi kwenye skrini. Penseli kwa ninachokitilia shaka. Kalamu nyekundu kwa ninachokijua. Anaifahamu sheria hiyo tangu nilipokuwa nikimsahihishia insha za shule na yeye analia.

Saa moja tu nimecheza. Makosa tisa. Mpishi wa hoteli amepita katikati ya ukuta na sinia lake, chai haikumwagika.

Jumanne, 4 Machi

Imeganda! Dakika arobaini nimemhoji mwenye hoteli, nimembana mpaka akaanza kutoa jasho — jasho linaonekana, kweli — halafu skrini ikaganda, jasho likabaki pale puani. Nimezima, nimewasha. Hakuna kilichohifadhiwa. Naanza upya kama mjinga!

Mama ameuliza kutoka chumbani namfokea nani. Nimemwambia namfokea mwanao. Akasema mwanangu hayumo humo, huyo mtu wa kwenye kompyuta hakusikii. Mama anaishi kwangu tangu magoti yalipomwangusha, na ulimi wake haujaanguka hata kidogo.

Lakini nikiri kitu kimoja hapa, ambapo hakuna anayeona. Jana nilimdanganya mlinzi wa hoteli kwamba mpishi ni mlevi, ili tu azungumze. Leo nimemwendea mpishi, amekunja mikono. "Kumbe mimi mlevi? Mlinzi ameniambia." Nikaona haya. Haya, mbele ya mtu wa kuchorwa! Mashahidi wanakumbuka. Wanaambiana. Uongo unazunguka mjini na kurudi kwa mwenyewe. Na aliyebuni haya yote ni mtu anayesahau siku ya kliniki ya mama kila mwezi.

Halafu mpishi huyohuyo akapita ukutani tena. Kosa la 14.

Alhamisi, 6 Machi

Sijui nianzie wapi. 

Leo nimefika chumba cha kufulia nguo cha hoteli, ndipo moto ulipoanzia. Ngazi nne, ya nne imevunjika kona. Mlango unafunguka kwa nje. Dirisha lina vyuma vitatu, cha katikati kimepinda. Nimekaa nakitazama chuma hicho. Kimepinda kwa sababu mdogo wangu aliingiza kichwa pale akiwa na miaka saba, kikakwama, ikabidi aletwe fundi wa vyuma na mtaa mzima ukaja kutazama.

Hiyo si hoteli. Hilo ni duka la mama!

Duka la ushonaji la mama liliungua miaka ishirini na miwili iliyopita, Jumamosi mchana. Umeme ulikatika, ukarudi, na pasi ikachoma duka. Cherehani sita. Sare za shule nzima. Nguo za wateja hadi darini. Mpiga pasi wa mama, tuliyemwita Mvuke kwa sababu mvuke ndio uliomtangulia popote alipokwenda, ndiye aliyesahau pasi. Ndivyo ilivyosemwa. Mama alimfukuza siku ileile mbele ya majivu, na hakuna fundi mwingine aliyempa pasi tena. Sasa ni mzee, analinda lango la ghala moja ng'ambo ya mji. Mama hakushona tena hata kifungo.

Na huyu mtoto amechukua majivu hayo akayafanya mchezo! Ya ndani yamewekwa kwenye skrini, kila mwenye kompyuta aje abofye!

Kisha sauti ikaanza. Cherehani. Ile ya mama hasa, ile yenye kukwaruza kidogo kila mzunguko wa gurudumu. Nikasikia ndara zinaburuzwa. Mama yuko mlangoni, ameshika fremu ya mlango. "Nani anashona?" Alisikiliza kitambo kirefu, vidole vinacheza hivi, kama vinasukuma kitambaa. Kisha uso ukajifunga. "Zima. Yule mzembe Mungu anamwona."

Nimempigia mdogo wangu simu nikamtukana. Aliniacha niseme hadi nikaishiwa. Akasema miaka miwili ametafuta cherehani ya aina ile ili arekodi, alidhani nitafurahi. Nimekata simu.

Ilikuwa sauti ileile kabisa. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefika mwisho. Gemu ya kijinga kuliko zote duniani!

Mwisho wake ni hivi: nyuso sita, unachagua mkosaji. Nilimchagua mpishi, kwa chuki tu. Akafungwa pingu, muziki ukapigwa, kwisha. Nikarudia nikamchagua mwenye hoteli. Pingu, muziki, kwisha. Mlinzi — pingu, muziki! Hawakuambii umepatia wala umekosea. Yeyote utakayemnyooshea kidole, ndiye. Sasa siku tano nimehangaika na ushahidi wa nini?

Nimempigia. Nani mkosaji? Akaniuliza mama hajambo. Nikauliza tena. "Sijui, dada."

Hujui! Umetengeneza gemu ya upelelezi miaka sita na mkosaji humjui?

Akasema ndiyo maana aliitengeneza. Kila rafiki yake aliyeijaribu humchagua mpiga pasi wa hoteli, na yeye moyo unakataa. Alikuwa na miaka tisa, kutwa alikuwa akilala chini ya meza ya Mvuke kwa sababu kulikuwa na joto. Akasema Mvuke hakuondoka mezani hata siku moja, hata kwenda kunywa maji, bila kuchomoa pasi, kuzungushia waya kwenye mpini mara mbili na kuitundika. Mara mbili, kila mara. "Mtu wa namna hiyo hasahau, dada. Wewe ulikuwa mkubwa. Hukumbuki?"

Nimemwambia nakumbuka ana gemu mbovu yenye watu wanaopita ukutani, akazibe ukuta kwanza.

Jumapili, 9 Machi

Nimemaliza karatasi zote. Jana kutwa na leo kutwa, bila kuinua kichwa. Nimeshika kalamu kama panga. Makosa hamsini na saba! La 29, mlinzi anasema siku ile mvua ilinyesha, ukurasa wa pili anafuta vumbi viatuni. La 33, saa ya ukutani ni saa tisa na dakika tano asubuhi, mchana na jioni. La 36, mfuaji ana watoto watatu, baadaye wanne, na ujauzito hatukuuona. La 40, pasi wameisimamisha, haikusimama. La 41, "samahani" imetumika mara kumi na moja ukurasa mmoja, hakuna mpelelezi mwenye samahani nyingi hivyo, hasa asiyepiga hodi. Na kadhalika na kadhalika.

Amekuja kuzichukua jioni. Sikumkaribisha kukaa. Alisimama mlangoni na bahasha kama tarishi, akaniuliza kama kuna chochote nilichokipenda. Nikasema mpishi aliponinunia. Akacheka hadi machozi yakamtoka, na mimi nikacheka kidogo, kisha nikakumbuka kwamba nimekasirika.

Jumatano, 12 Machi

Siku mbaya. Mbaya, mbaya, mbaya.

Asubuhi: kadi mia tatu za harusi zimetoka mashineni bila tarehe. Majina yapo, ukumbi upo, maua yapo, siku hakuna. Saini yangu iko kwenye nakala ya mwisho. Msimamizi aliishika kadi kwa vidole viwili. Hakupandisha sauti. "Jicho, hawa watu wataoana lini?" Wachapaji wote wakainamia mashine zao wakijifanya hawasikii.

Mchana mdogo wangu akaja kiwandani. Hajawahi kuja. Alinisubiri kwenye benchi la nje, karibu na marobota ya karatasi. Mfukoni mwa shati ana ukurasa mmoja, wa themanini na nane. Akaufungua juu ya goti.

Maneno ya gemu yanasema: pasi ilikutwa imesimamishwa mezani, waya ukiwa umechomekwa. Pembeni kuna mwandiko wangu, mzuri, mnyoofu: Haikusimamishwa. Ililazwa, juu ya kitambaa cha kijani.

"Dada," akasema, "hapa umeandika kwa nyekundu."

Nikasema penseli ilikuwa imeisha. Akaweka kidole juu, mistari mitatu kabla yake. Penseli. Akashusha kidole, mistari miwili baada yake. Penseli.

Nikamwambia amenitega! Nikamwambia yeye ni nyoka, anamtegea dada yake aliyemwosha na kumvika. Watu waligeuka. Akatikisa kichwa. Akasema hakutega chochote, aliandika imesimamishwa kwa sababu Mvuke hakuwahi kulaza pasi hata siku moja, na kichwani mwake haikuwezekana kuiona imelala. Kitambaa cha kijani hajawahi kukisikia kwa mtu yeyote. Si kwa mama, si kwa zimamoto. Kila kitu kilikuwa majivu.

Akaukunja ukurasa, akaurudisha mfukoni. Akasema hataniuliza mara ya pili. Jumamosi amemwalika Mvuke aje acheze.

Nimekaa na daftari hili tangu nilipofika nyumbani. Siku za mwizi ni arobaini, na mimi nimejihesabia mwenyewe, kwa namba, kwa mkono wangu.

Alhamisi, 13 Machi

Haya. Niandike. Daftari hili halina mdomo.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Rafiki yangu alikuwa na sikukuu ya kuzaliwa, mama alinikatalia, nikaamua nitakwenda. Mama alikuwa mbele na wateja. Mvuke alikuwa ametoka kupeleka suti ya mtu. Pasi aliiacha imetundikwa, waya umezungushwa mara mbili. Mara mbili! Mimi ndiye niliyeukunjua. Nilichomeka, nikatandaza blauzi yangu ya kijani, nikaupiga pasi mkono wake mmoja. Umeme ukakatika.

Nikakasirika. Ndivyo nilivyo, hasira ndiyo niliyozaliwa nayo. Nikaibwaga pasi pale pale juu ya blauzi, uso chini, nikavaa blauzi nyingine yenye unyevunyevu na kuchomokea mlango wa nyuma. Mama naye alifunga duka kwa sababu ndani kulikuwa giza, akaenda nyumbani.

Saa tisa umeme ukarudi. Tulikuwa uani kwa rafiki yangu. Mtaa mzima ukapiga kelele, "Umerudi! Umerudi!" Nami nilinyoosha mikono juu nikapiga kelele na wenzangu.

Ile ilikuwa pasi nzito ya zamani, haijizimi.

Siku ya kwanza Mvuke alikataa. Alisema mbele ya watu, mama, mimi niliitundika. Mama akamwuliza, sasa ilishuka yenyewe? Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nyuma ya mama, nimeshika mkono wa mdogo wangu. Nilingoja mtu aniulize. Hakuna aliyeniuliza, na mtu asipoulizwa siku ya kwanza, ya pili inakuwa nzito, na ya elfu...

Nimesomea watu makosa yao miaka kumi na minne. Nachukia! Namchukia mdogo wangu na makompyuta yake. Mtu mwingine angetengeneza gemu ya mpira.

Ijumaa, 14 Machi

Mdogo wangu amempigia mama kumkaribisha kesho. Mama ameuliza nani watakuwepo. Akaambiwa. Amesema hakai chumba kimoja na yule mzembe hadi afukiwe. Kisha amenigeukia, "Na wewe usiende. Una heshima yako."

Nilikuwa napiga pasi sare yangu ya kazi. Nimechomoa waya. 

Jumamosi, 15 Machi

Naandika jikoni kwa mdogo wangu, nimesimama, daftari juu ya kabati, kando ya jiko. Kwenye mkoba kumebaki kalamu nyekundu tu. Nimesema nakuja kuchemsha maji ya chai. Maji yanachemka, wacha yachemke.

Mvuke yuko sebuleni. Amevaa shati jeupe lenye mikunjo ya pasi iliyonyooka kama rula. Sijui pasi hiyo anaipiga wapi. Nilimwamkia shikamoo, akasimama, mzee wa watu, akanishika mikono yote miwili. "Marahaba, mwanangu! Binti wa fundi! Mama hajambo? Magoti yake?" Anajua hadi habari za magoti. Amekuwa akiuliza miaka yote.

Wapo yeye, mdogo wangu na mimi, basi. Watu wengine mdogo wangu amewaambia waje saa kumi. Nimeelewa kwa nini.

Mvuke amekaa mbele ya kompyuta, kipanya amekishika kama yai. Gemu imeanza. Na mpelelezi amepiga hodi! Ngo ngo ngo, akasimama akangoja akaribishwe. Nilimtazama mdogo wangu, yeye akatazama pembeni. Kuta pia amezitengeneza, mpishi amezunguka kwa mlango kama watu. Nzuri. Nasema ukweli, imekuwa nzuri, na ningefurahi siku nyingine yoyote.

Mvuke amewahoji wote polepole, kila mmoja akimwamkia kwanza kwa sauti, "Habari yako, bwana," na mdogo wangu anamsomea majibu. Alipofika chumba cha kufulia akaacha kubofya. Ngazi nne. Vyuma vitatu. Akatabasamu. "Hapa ndipo kichwa chako kilipokwama." Alipoona waya wa pasi, mkono wake wa kushoto uliondoka gotini ukazunguka hewani mara mbili. Sidhani alijua kwamba umezunguka.

Kisha mdogo wangu akamsomea maelezo. Alisoma bila kunitazama: pasi ilikutwa imelazwa, juu ya kitambaa cha kijani.

Ameingiza sahihisho langu! Neno kwa neno!

Mvuke akakunja uso. "Kijani? Siku ile mimi nilikuwa na suti tu. Nyeusi." Akafikiri. Nikasema moyoni, sasa, sasa mzee, fuata hapo hapo, usiache. Yeye akapangusa paji la uso kwa kiganja. "Labda na hicho nimekisahau," akasema. "Mtu akishasahau kimoja, anasahau na kingine."

Nyuso sita zikaja. Mdogo wangu akamwambia, chagua, mzee wangu, yeyote unayemwona ndiye. Mvuke hakuchelewa. Alikwenda moja kwa moja kwa mpiga pasi.

Mdogo wangu akamwuliza kwa nini huyo. Mzee akacheka kidogo, kwa upole kabisa, kana kwamba yeye ndiye anayemfundisha mtoto. "Mwanzoni nilikataa, unajua. Miaka miwili mitatu nilikataa. Lakini watu wote wale hawawezi kukosea, mwanangu, na mama yako hakuwa mtu wa kusingizia. Alisahau tu. Si mtu mbaya, ila alisahau."

Ndipo nikasema nakuja kuchemsha maji.

Skrini sasa imesimama kwenye swali. Nalijua, ni ukurasa wa mwisho, mimi ndiye niliyelipitisha bila kosa: Una hakika? Ndiyo upande wa kulia, Hapana kushoto. Mdogo wangu amekuja hadi mlango wa jikoni, amenitazama, akapita kwenda kusimama barazani. Amemwacha mzee peke yake na kompyuta.

Mvuke ananiita. Maandishi ya hapo ni madogo, miwani yake haifai kitu tena. "Binti yangu, wewe ndiye msomaji. Njoo uniambie, kinaniuliza nini hiki?"

Nimezima jiko. Nimemwambia nakuja. Hajabofya bado, kidole kiko juu ya Ndiyo. Naenda na kalamu nyekundu.